Mashine ya Watu Wawili

Laptopu yenyewe ilikuwa imeshachoka siku Editha na Mwaisha walipoinunua. Ilikuwa nyeusi, nene, nzito kama tofali la kuchoma, na herufi kadhaa za kibodi zilikuwa zimefutika kwa kuguswaguswa. Ilitoka katika ofisi ya mradi mmoja wa misitu ya Uluguru. Mradi ulipokwisha, wafadhili waliuza kila kilichokuwamo ofisini kabla ya kurudi kwao, viti, makabati, hata mapazia. Watu wengi waliofika mnadani siku ile waligombea jokofu. Wanawake hawa wawili waliitaka laptopu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, waliipata.

Wote wawili walikuwa wapiga chapa wa kiwanda cha serikali kule Kihonda. Kiwanda kilipouzwa, mwekezaji alikuja na kompyuta zake na watu wake wachache, na wapiga chapa wakawa miongoni mwa wa kwanza kuambiwa wakae nyumbani. Mwaisha alikuwa na pa kukaa. Ni Mluguru wa Mkuyuni, ameachika, ana binti mmoja aitwaye Raya, na alikuwa amejijengea vyumba viwili Mji Mpya. Editha hakuwa na pa kwenda. Baba yake alitoka Songea akaja Mtibwa kukata miwa, akazeekea hukohuko na kufia hukohuko, na mama yake akamfuata. Ndugu wa Songea alikuwa akiwasikia tu.

"Njoo kwangu," Mwaisha alimwambia siku alipomkuta amekaa juu ya begi lake nje ya chumba alichofukuzwa. "Utalala na Raya. Anapiga mateke, lakini utazoea."

Editha alilala na Raya mpaka alipopata chumba chake. Mtoto akawa anamwita mama mdogo, na jina hilo halikuondoka hata baada ya Editha kuhama.

Basi wakafungua duka la uchapaji katika chumba kimoja karibu na kituo cha magari ya Mzumbe. Chuo cha Mzumbe kilikuwa kimepandishwa hadhi kuwa chuo kikuu, wanafunzi wake wakiandika ripoti ndefu kwa mkono na kutafuta wa kuwachapia. Maduka mengine ya uchapaji yalikuwa na kompyuta kubwa za mezani. Umeme ulipokatika, na ulikuwa unakatika sana, wenzao walikaa nje wakipunga upepo kwa magazeti. Laptopu ya Editha na Mwaisha iliendelea kwa betri yake mpaka betri iishe. Wanafunzi wakaijua sifa hiyo, wakaja.

Kazi waligawana bila kuambizana. Editha alikuwa na vidole vyepesi na maneno mazuri kwa wateja. Ndiye aliyechapa, ndiye aliyepamba. Chumba kile alikipamba kama sebule. Kila kitu kilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, printa na kitambaa chake, redio na kitambaa chake, na laptopu nayo ikafumiwa kitambaa kinene cha sufu, njano na zambarau, ikae juu yake isichubuke na meza.

Mwaisha ndiye aliyeitunza mashine. Fundi wa ule mradi alimwonyesha mambo machache siku ya mnada, na mengine akajifunza kwa kufungua polepole. Alikuwa na bisibisi ndogo ya fundi saa na brashi ya kupakia rangi. Kila skrubu aliyoitoa aliiweka kwenye sahani nyeupe, kwa kuzungusha, ya kwanza kutoka pembeni na ya mwisho katikati, ili wakati wa kurudisha aanze na ya katikati. Alisafisha kibodi, alikaza bawaba za kioo zilipolegea, aliunga waya wa chaja ulipokatika shingoni. Editha alipenda kumtazama akifanya hivyo. Alisema wateja wakisikia, "Huyu Mama Raya angesomeshwa, angetengeneza ndege."

Ikafika wakati mashine ikaanza kujizima.

Mwanzoni ilijizima mara mojamoja, wakadhani ni umeme. Kisha ikawa inajizima katikati ya ukurasa, kioo kikawa cheusi ghafla bila onyo lolote, na ukiiwasha papo hapo haikubali. Ukiiacha kidogo, inawaka kama vile haikufanya kitu. Mwaisha alianza kutafuta ugonjwa. Aliitoa betri, akaitumia kwa umeme peke yake. Ikajizima. Akarudisha betri, akatoa chaja. Ikajizima. Akaazima chaja ya mwenye duka la simu, akabadilisha tundu la ukutani, akafuta programu waliyoiweka karibuni.

"Mbona unakwenda kimoja kimoja hivyo?" Editha alimuuliza. "Badilisha vyote tujue moja."

"Ukibadilisha viwili pamoja hujui kipi kimekuponya, Edi," Mwaisha alijibu. "Nahisi shida iko chini kabisa, kwenye feni. Huko sijawahi kufika. Kuna dawa nyeupe inapakwa pale kati ya chuma na ubongo wa mashine, ukishabandua lazima uipake upya. Bado naitafuta."

Kabla hajaipata, ukaja ujumbe kutoka Mkuyuni kwamba mama yake ameanguka shambani na hawezi kusimama. Mwaisha alifunga nguo zake siku ileile, akamwacha Raya kwa jirani ili asikose shule.

"Usiipeleke kwa mtu," alimwambia Editha mlangoni. "Chapa kidogo, ipumzishe. Nikirudi nitaifungua mpaka ndani."

Editha aliitikia, na alikuwa na nia ya kutii. Lakini akaja Abel.

Abel alikuwa mtu mzima, mtumishi wa halmashauri aliyeruhusiwa kwenda kusoma Mzumbe, na ripoti yake ilikuwa ndefu kuliko zote walizowahi kuchapa. Ilikuwa inatakiwa chuoni. Editha alichapa tangu asubuhi, Abel amekaa pembeni akimsomea mwandiko wake mbaya, na kila alipotaka kuhifadhi kwenye flopi Abel alimhimiza, "Malizia kwanza sura hii, dada." Sura ilipokaribia mwisho, mashine ikazima. Ilipowaka tena, faili halikufunguka vizuri. Ndani yake mlikuwa na alama za ajabu tu, vijiti na nyota.

Abel hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza Editha zaidi. Alikusanya karatasi zake moja moja.

"Watu waliniambia niende kwenye duka lenye mashine nzima," alisema. "Nikasema hapana, wale akina mama ni waaminifu." Akatoka.

Editha aliifunga laptopu kwenye kanga, akaipeleka kwa Rogers.

Rogers alikuwa kijana aliyetoka Dar, ana duka barabara kuu na cheti chake amekining'iniza ukutani. Alikuwa mchapakazi, mwenye haraka. Aliigeuza laptopu, akafungua kifuniko kidogo cha chini, akamulika kwa tochi kijibao cha kumbukumbu kilichokuwamo.

"Dada, hii memori siyo ya asili," alisema. "Ona. Mashine kama hizi zinakuja na memori ya kampuni yao, ina nembo. Hii ni ya mtaani. Mtu kaitoa ile nzuri akaweka hii. Memori mbovu inaweza kuzimisha mashine."

"Kaitoa?"

"Imebadilishwa. Zile za asili zina soko sana siku hizi."

Rogers akaweka memori nyingine, akaiwasha, ikawaka vizuri. Editha alirudi dukani akiwa ameikumbatia, na njia nzima alikuwa anafikiri jambo moja. Nani mwingine anayeifungua mashine hii? Akakumbuka kwamba miezi michache nyuma Mwaisha aliezeka upya nyumba ya mama yake kwa mabati. Wakati ule Editha alifurahi naye, wakacheka kwamba sasa bibi hatalala tena na beseni kitandani. Sasa mabati yale yakamgeukia moyoni. Akakumbuka na ule usemi wa mlangoni: usiipeleke kwa mtu. Kwa nini asitake ipelekwe kwa mtu?

Hakumwambia yeyote. Angemwambia hata fundi cherehani wa jirani, mzee Benedikto, huenda mzee angemwambia subiri. Lakini alikaa nalo peke yake mpaka likakomaa, na likishakomaa akaenda sokoni akanunua kufuli jipya.

Mwaisha alirudi kutoka Mkuyuni asubuhi moja ya manyunyu. Editha alipofika dukani alimkuta amesimama mlangoni na kikapu cha ndizi mbivu, ufunguo mkononi. Mzee Benedikto alikuwa ameshaanza kushona barazani kwake.

"Kufuli limeharibika?" Mwaisha aliuliza. Alikuwa amekonda, na miguu imejaa tope la njiani.

"Hapana. Nimebadilisha."

"Haya. Nipe ufunguo basi niingize hizi ndizi."

Editha alikuwa ameyatayarisha maneno siku zote zile, lakini hakuanza nayo.

"Mama anaendeleaje?" hatimaye aliuliza.

"Anakaa sasa. Hajatembea. Edi, ufunguo wangu uko wapi?"

"Mashine imefunguliwa na fundi," Editha alisema. "Memori ya asili haimo. Imebadilishwa."

"Nani kaibadilisha?"

"Wewe ndiye unayeifungua."

Cherehani ya mzee Benedikto ilinyamaza. Mwaisha alimtazama Editha kwa muda, kama anavyotazama sahani ya skrubu kabla ya kuanza kurudisha.

"Hilo ni swali," aliuliza, "au ni jibu?"

Kama Editha angesema ni swali, mambo yangekwenda vingine. Alilijua hilo palepale, mdomo wake ungali wazi. Lakini alimwona Abel akikusanya karatasi, aliyaona mabati, na aliona haya kurudi nyuma mbele ya mzee Benedikto. Hakusema kitu.

Mwaisha alishusha kikapu kizingitini. "Hizi mama kakutumia wewe," alisema. "Kasema mpe Editha, ndiye aliyebaki na kazi yote." Akageuka, akaenda zake kwa mwendo uleule wa siku zote, hakuharakisha.

Ndizi zile Editha hakuzila. Alizigawa kwa wateja, na kila aliyesema ni tamu alimchukia kidogo.

Kabla mwezi haujaisha, Mwaisha alipangisha vyumba vyake vya Mji Mpya, akamchukua Raya, wakarudi Mkuyuni. Raya alikuwa kidato cha pili. Alipita dukani siku ya kuondoka, akiwa na sare ya shule ijapokuwa haikuwa siku ya shule, labda kwa kuwa ndiyo nguo yake nzuri.

"Shikamoo, mama mdogo. Mama hajui nimekuja."

"Marahaba. Utasoma wapi huko?"

"Sijui. Mama amesema tutaona."

Alisimama akingoja, kana kwamba kuna jambo mtu mzima angelisema likarekebisha kila kitu. Editha alimpa kalamu mbili kutoka kwenye kopo la mezani. Baadaye alilikumbuka tendo hilo kwa aibu kuliko yote: mtoto alikuwa anaacha shule, naye akampa kalamu.

Laptopu ilijizima tena.

Ilijizima na memori mpya ya Rogers ndani yake. Ilijizima kama zamani, kioo cheusi ghafla, kisha ikakataa kuwaka mpaka ipumzike. Editha alikaa mbele yake mpaka ikawaka tena. Hakuirudisha kwa Rogers. Jumapili alipotoka kanisani alijifungia dukani, akachukua bisibisi ya fundi saa ambayo Mwaisha aliiacha kwenye kopo, akachukua na ile sahani nyeupe, akaanza kutoa skrubu. Aliziweka kwa kuzungusha, ya kwanza pembeni. Alikuwa ametazama mara nyingi kuliko alivyodhani. Mikono yake ilijua wapi kibodi inainuliwa na wapi waya wake mwembamba unachomolewa.

Chini kabisa aliikuta feni. Hakuiona mara moja, kwa sababu ilikuwa kama imevishwa nguo. Kati ya feni na vile vipande vya shaba vinavyotoa joto palikuwa pamekaa kitu kama blanketi dogo, kimeshikana, kizito. Alikivuta kwa kibanio cha nyusi. Kilitoka chote kwa pamoja, akakiweka kwenye karatasi nyeupe, akakisogeza dirishani kwenye mwanga.

Kilikuwa vumbi na nyuzi. Nyuzi za njano na zambarau.

Aliinua kitambaa chake cha kufuma. Upande wa chini wa laptopu ndiko kulikokuwa na matundu ya kuvutia hewa, na sufu ilikuwa imeyaziba, na kila feni ilipojitahidi kupumua ilikuwa inavuta sufu. Pale mashine ilipokuwa inakaa, kitambaa kilikuwa kimekwanguka mpaka kimekuwa chepesi. Alikiona kila siku, akafikiri kinachakaa tu.

Kesho yake alikwenda kwa Rogers kumwomba ile dawa nyeupe. Rogers alimpa kidogo kwenye karatasi ya sigara na hakutaka malipo.

"Kwa hiyo ilikuwa joto," Rogers alisema. "Nami sikufungua chini. Siku ile nilikuwa na watu wengi. Samahani, dada."

"Ile memori," Editha alisema. "Uliniambia imebadilishwa."

"Imebadilishwa, ndiyo. Ile mliinunua mpya?"

"Tuliinunua kwa watu. Ya mradi."

"Ah! Basi walibadilisha wao. Maofisini huko wanaongeza memori kila mara, wanaweka yoyote inayopatikana." Alimtazama vizuri, akaona uso wake. "Dada, mimi nilisema imebadilishwa. Sikusema nani."

"Hukusema," Editha alikubali.

Aliipaka dawa, akaifunga mashine, ikafanya kazi kutwa nzima bila kuzima, na kesho yake, na keshokutwa. Kila saa iliyofanya kazi ilimthibitishia kosa lake.

Alipaswa kwenda Mkuyuni wiki ileile. Hakwenda. Kwanza alijiambia mvua za masika zimeharibu barabara. Mvua zilipokatika alijiambia mitihani ya Mzumbe imekaribia, wateja wamejaa. Mzee Benedikto, aliyesikia yote siku ile na hakuwahi kuuliza, alimwambia mara moja tu, huku akipima suruali ya mtu, "Njia ya Mkuyuni haizidi kuwa fupi kwa kungoja." Hata hivyo alingoja. Alikuwa anaogopa kwamba Mwaisha atamfukuza, na zaidi ya hapo alikuwa anaogopa kwamba hatamfukuza.

Alikwenda wakati wa kiangazi, kwa lori lililokuwa linafuata ndizi. Aliibeba laptopu kwenye begi. Alikuwa ameamua kumwachia Mwaisha mashine nzima, pamoja na duka ikibidi.

Nyumba ya mama yake Mwaisha ilikuwa juu ya gulio, kwenye ardhi ya ukoo wao, maana kwa Waluguru ardhi hupitia kwa mama. Mibuni na migomba ilishuka mpaka kijitoni, na mashina ya miti yalikuwa yamezungukwa na mipilipili manga. Bibi alikuwa amekaa mkekani, mguu mmoja ameunyoosha. Editha alimpigia magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye Editha? Zile ndizi zilifika?"

"Zilifika, mama. Asante."

Mwaisha alitokea nyuma ya nyumba na ungo. Alisimama, kisha akaweka ungo chini na kujifuta mikono.

"Karibu, dada Editha," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Ilikuwa Editha, au Edi. Dada Editha lilikuwa jina la mteja.

Alikaribishwa kama mgeni anavyokaribishwa, wakampa maji, wakamwekea mkeka, wakampikia. Raya alileta chakula akamwamkia, na alikuwa amerefuka, amejifunga kanga ya mama yake. Hakukaa. Bibi alipojilaza ndani, Editha alisema yote. Alisema feni, sufu, nyuzi za njano na zambarau. Alisema Rogers alivyomjibu. Alisema hakuwa na haki hata ya kuwaza lile jambo, achilia mbali kununua kufuli.

Mwaisha alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua ni feni," alisema.

"Ulijua."

"Dawa niliipata. Nilikuwa nayo kikapuni siku ile, chini ya ndizi. Kuna kijana wa misheni ya Matombo alinipa." Akausogeza ungo kando. "Mimi sikukasirikia memori. Mtu anaweza kudanganywa na fundi. Nilingoja uniulize tu. Nilikaa Mji Mpya mwezi karibu mzima nikikungoja uje uniulize, hata kwa ukali. Tumelala nyumba moja, Editha. Hukuniuliza."

"Nisamehe, da Mwaisha."

"Nimekusamehe zamani. La sivyo nisingekupikia."

Editha alitoa laptopu kwenye begi, akaisukuma mbele yake kwenye mkeka. "Hii ni yako. Na duka ni lako. Rudi, nitakaa nje na mzee Benedikto, nitachapa tu utakapotaka nichape."

Mkono wa Mwaisha ulikwenda wenyewe ukafungua kifuniko, na alipofungua alisikia kitu, akakifunga na kukifungua tena, ameinamisha kichwa.

"Bawaba hii imelegea. Ukiiacha itakata waya wa kioo. Una bisibisi?"

Editha alikuwa nayo. Mwaisha aliikaza bawaba ya kushoto, kisha ya kulia, akafungua na kufunga mpaka akaridhika, akaifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akaisukuma kurudi upande wa Editha.

"Huku hatuna umeme," alisema. "Na mama hawezi kuachwa. Mashamba haya nisipoyashika mimi, nani? Nenda nayo."

"Basi nipe Raya. Arudi shule, akae kwangu. Nitamsomesha mimi, nakuapia."

Hapo Mwaisha alitazama upande wa jikoni. Sauti ya vyombo huko ilikuwa imekoma. Editha aliona jinsi ombi lile lilivyomfikia, na kwa kitambo kidogo alidhani atakubali. Mwaisha alifumba mdomo, akaufumbua, kisha akatikisa kichwa.

"Siku nyingine moyo wako ukichafuka tena," alisema taratibu, "itakuwa yuko kwako peke yake. Mimi nilikuwa mtu mzima, nilikuwa na pa kurudi. Yeye ni mtoto. Siwezi."

Editha alijua ni kweli, akairudisha laptopu kwenye begi. Lori lilipopiga honi kule chini, Mwaisha alimsindikiza mpaka gulioni, akamwekea kichane cha ndizi na pilipili manga kidogo, wakashikana mikono. Raya hakutoka jikoni kuaga.

Laptopu iliendelea kufanya kazi miaka mingine kadhaa, mpaka wanafunzi wakaanza kuja na za kwao. Editha aliitunza vizuri. Alijifunza mengi juu ya mashine hizo, akawa anatengeneza na za watu, na Rogers alipozidiwa alimletea baadhi ya kazi. Abel naye alirudi, alikuwa amemaliza chuo, akaleta barua za ofisi yake kuchapwa. Duka lilisimama. Mara mbili Editha alipanga kupanda tena Mkuyuni, na mara zote mbili hakwenda, kwa kuwa hakuweza kufikiri angesema nini ambacho hakukisema.

Habari zilimfikia kwa mwanamke mmoja wa Mkuyuni aliyekuwa akiuza ndizi barazani kwa mzee Benedikto. Ndiye aliyemwambia, akihesabu ndizi za mteja mwingine, kwamba Raya ameolewa. Harusi ilikuwa wiki mbili nyuma. Mume ni kijana mmoja anaitwa Rehani, mfanyabiashara wa mchele Kisaki, ameshamchukua.

"Hukualikwa?" yule mwanamke aliuliza. "Nilidhani ninyi ni ndugu."

"Nilikuwa na kazi nyingi," Editha alisema.

Alasiri ile alifunga duka mapema. Alitafuta sokoni doti ya kanga, akazirudisha nyingi kwa sababu ya maneno yake, akachukua moja ya rangi nzuri yenye kumtakia bibi harusi heri tu, wala hakuna fumbo ndani yake. Akamkabidhi mwuza ndizi.

Jibu lilikuja gulio lililofuata. Mwuza ndizi alimpa kifurushi cha pilipili manga, kimefungwa vizuri kwa jani kavu la mgomba.

"Mwaisha anakusalimu sana. Anasema asante, kanga zitapelekwa Kisaki."

"Hakusema kingine?"

Mwanamke alifikiri, akitaka kumsaidia. "Hakusema. Alikuwa na wageni."

Editha alikiweka kifurushi kwenye droo. Mwanafunzi alikuwa amesimama mlangoni na flopi mkononi, akauliza kama wanachapa ripoti hapa. Editha alimwambia aingie, akampa kiti, akamuuliza kwanza kama ana nakala nyingine nyumbani.